Asichoweza Kukiona Mnunuzi

Kichwa cha tangazo kwenye Google kina nafasi ya herufi 30 tu, na pengo kati ya neno na neno nalo linahesabiwa. Kwa tangazo moja unaruhusiwa vichwa 15, na chini yake maelezo manne yasiyozidi herufi 90 kila moja. Ukishaandika, mashine ndiyo inayochagua kichwa gani kikae na maelezo gani, kwa hiyo kila kipande lazima kisimame chenyewe na kiseme kweli hata kikiwekwa pembeni ya chochote. Nimewahi kuona watu wakijaza nafasi hiyo kwa dakika tano: bora, nafuu, ya kisasa, wahi sasa. Nimemwona pia dada mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, akikaa asubuhi nzima juu ya herufi hizo 30, na ninataka kueleza anachofanya, kwa sababu ni kazi nzuri na wengi wanaoinunua hawajui kama ni kazi.

Anauza viatu, mikoba na magauni ya wajawazito, na hutangazia pia maduka mengine machache ya Kariakoo yanayomlipa kwa mwezi. Hana ofisi. Ana meza, simu mbili, daftari la mistari na rafu ya mizigo iliyofungwa kwa mifuko myeusi.

Tazama anavyoandika. Alitaka kusema kwamba mzigo unafika kwa mteja. Akaandika: "Inaletwa kwako Dar kwa bodaboda". Herufi 31, moja imezidi. Mwingine angefuta "Dar", na siku hiyohiyo angeanza kupigiwa simu na watu wa Mbeya wanaodhani bodaboda itawafikia. Yeye akabadilisha kitenzi: "Unaletewa Dar kwa bodaboda". Herufi 26. Lile "kwako" limeingia ndani ya kitenzi, Dar imebaki, na hakuna mtu wa Mbeya aliyepotoshwa. Kwa wa mikoani aliandika kichwa kingine kuhusu basi.

Kisha viatu vyenyewe. "Viatu vya ngozi, Sh 45,000." Bei iko palepale kwenye kichwa, na hilo lina sababu ya kifundi. Tangazo la namna hii hulipiwa kila mtu anapobofya, anunue asinunue. Mwenye shilingi 20,000 mfukoni akiiona bei mapema, habofyi tangazo na hamgharimu mwenye duka kitu. Nafasi ya juu nayo haiendi kwa mwenye pesa nyingi peke yake. Kila mtu anapotafuta, mnada hufanyika kwa kufumba na kufumbua, na pamoja na dau hupimwa kama tangazo linalingana na kile mtu alichotafuta na kama ukurasa anaofikia unatimiza kilichoahidiwa. Anayesema kweli iliyo wazi anaweza kulipa kidogo na kukaa juu ya anayepiga kelele.

Kichwa ninachokipenda kuliko vyote ni hiki: "Namba 40 inavaa kama 39". Herufi 23. Aina ile ya kiatu ina umbo dogo, na hakuna picha itakayomwonesha mnunuzi jambo hilo. Alilijua baada ya kuvijaribu mwenyewe, kuwavalisha wadogo zake na kusoma meseji za waliorudisha. Katika nafasi ambayo wenzake wangeandika "vinapendeza", yeye ameweka jambo ambalo mteja hana namna ya kulijua asipoambiwa.

Na hapa ndipo falsafa inapoingia, maana dada huyu husoma. Babu yake alikuwa mwalimu wa madrasa Tanga, na kutoka kwake alilisikia jina la Imamu Ghazali mapema kuliko jina la mwandishi yeyote wa matangazo. Katika kitabu chake Ihyaa, Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana sehemu nzima juu ya kutafuta riziki na kuuza. Kusifu bidhaa kwa sifa isiyokuwa nayo anakuhesabu kuwa ni uongo, na hilo halimshangazi mtu. Linalonishangaza ni hatua ya pili: hata kusifu bidhaa kwa sifa iliyo nayo kweli anakuona ni maneno ya bure, nayo mtu ataulizwa, isipokuwa pale muuzaji anapotaja jambo ambalo mnunuzi asingelijua bila kutajiwa. Sijasoma kanuni bora ya uandishi wa matangazo. Claude Hopkins, Mmarekani aliyeandika mwaka 1923 kitabu cha utangazaji wa kisayansi, aliwahimiza watu watoe mambo mahususi badala ya sifa za jumla, na alipima kwa kuponi ni tangazo lipi limeleta wateja. Alifika karibu na alipofika Ghazali, lakini yeye alianzia kwenye mauzo. Ghazali alianzia kwenye hesabu ya ulimi.

Picha anazipiga asubuhi, karibu na dirisha. Taa ya duara anayo, aliinunua Kariakoo kama kila mtu, ila kwa nguo haiamini. Rangi ya damu ya mzee chini ya taa ile hutoka nyekundu, na simu za siku hizi huongeza wekundu mwingine bila kuombwa. Kwa hiyo pembeni ya gauni huweka karatasi nyeupe. Karatasi ikionekana ya manjano au ya buluu kwenye kioo, anajua gauni nalo limebadilika rangi, na atasogeza, atafunga pazia nusu, atarekebisha, mpaka karatasi irudi nyeupe. Ndipo huikata ile karatasi kwenye picha. Pembeni ya pochi huweka sarafu ya shilingi 500 ili ukubwa ujulikane.

Kwa viatu vya mtumba picha ya pili daima ni soli, upande uliolika. Siyo ya sita, baada ya mtu kuchoka kutazama. Ya pili. Sheria hiyo aliitoa kwenye hadithi aliyofundishwa utotoni, ya Mtume aliyepita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kuwa mvua iliinyeshea. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile yenye unyevu juu, watu waione. Wengi tunaikumbuka hadithi ile kwa karipio lililofuata. Yeye ameichukua kama maelekezo ya kupanga picha.

Mwanafalsafa Kant alimjia baadaye, kwa kitabu cha Kiingereza chenye jalada lililochanika alichokinunua kwa wauza vitabu vya mitumba mjini Posta. Ni kile kifupi cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, na karibu na mwanzo wake yumo mwenye duka. Mwenye duka huyo ana bei moja kwa wote. Hata mtoto akitumwa atauziwa kwa bei ya mtu mzima. Msomaji wa Kitanzania akifika hapo hawezi kuacha kufikiria maneno tunayoyaona kila siku chini ya picha: "Bei njoo DM." Mteja anaulizia bei, muuzaji anafungua ukurasa wake, anatazama nguo alizovaa, harusi aliyohudhuria, mtaa anaokaa, kisha anataja bei. Dada huyu aliacha mtindo huo. Bei zake zimeandikwa juu ya picha, kwa tarakimu kubwa.

Lakini Kant haishii kumsifu mwenye duka, na sehemu hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi. Anasema uaminifu ule unaweza kuwa ni hesabu tu: bei moja huleta wateja, kwa hiyo mtu anatenda lililo sawa kwa ajili ya faida yake. Basi "Namba 40 inavaa kama 39" ni wema, au ni njia ya kupunguza viatu vinavyorudishwa? Nilimwambia kwamba mteja hapotezi kitu kwa nia ya muuzaji kuwa hivi au vile. Akanijibu, "Mteja hapotezi, kaka. Mimi ndiye sitajijua."

Jibu lilikuja kwa njia ya mzigo. Aliagiza mikoba kwa muuzaji wa jumla aliyemhakikishia kuwa ni ngozi, akatangaza, na watu wakaanza kulipia kabla haijafika. Ilipofika aligeuza mkoba mmoja, akatafuta mahali palipokatwa karibu na zipu. Ngozi halisi ikikatwa huonesha nyuzinyuzi zilizoshikamana. Hii ilionesha kitambaa, na juu yake utando wa plastiki. Kwa macho, hata kwa mkono, usingejua. Wateja wasingejua kwa mwaka mzima. Hapo uaminifu haukuwa na faida yoyote ya kuegemea. Alisimamisha tangazo jioni ileile, akawaandikia waliolipa mmoja mmoja kwamba anayetaka pesa yake atarudishiwa yote pamoja na makato ya kutuma. Kisha akaandika kichwa kipya: "Mkoba wa ngozi bandia, 28,000". Herufi 29, na bei isiyomwachia kitu. Neno "bandia" ni neno ambalo muuzaji yeyote angelipa ili lisionekane. Yeye alilipa ili lionekane. Iliuzika polepole, na hasara ile aliibeba mwenyewe.

Cicero, mwandishi wa Kirumi, naye ana kisa kinachomhusu dada huyu. Mwaka 44 kabla ya Kristo alimwandikia mwanawe, aliyekuwa masomoni Athens, kitabu juu ya wajibu, na humo yumo mfanyabiashara anayefika Rhodes na shehena ya nafaka kutoka Alexandria. Kisiwani kuna njaa, bei iko juu sana. Anajua kuna meli nyingine nyuma yake zimejaa nafaka, watu wa Rhodes hawajui. Je, awaambie, au auze kwanza? Wanafalsafa wawili wa Kistoa wanavutana. Cicero anaamua kwamba haikumpasa kuficha. Sasa tafsiri hilo kwa "zimebaki tatu tu, wahi", huku makontena mawili yako bandarini. Kwenye majaribio, tangazo lenye maneno hayo likiwekwa sambamba na lisilo nayo, mara nyingi lenye maneno hayo ndilo linaloshinda. Anajua, kwa kuwa amepima. Hutumia maneno hayo pale tu zinapokuwa tatu kweli, na kama mzigo mwingine uko njiani huandika siku unayotarajiwa, hata kama mtu ataamua kusubiri.

Kuna jambo jingine wasiolijua wengi. Mtu akifungua ukurasa wa duka, tangazo linaweza kumfuata kila anapokwenda mtandaoni. Kwa mitandao ya Meta hadi siku 180, kwa Google hadi siku 540. Kwa viatu ni usumbufu tu. Kwa magauni ya wajawazito ni jambo zito, kwa sababu si kila mimba inafika mwisho wake, na mashine haina habari. Kuna mama ambaye miezi minne baada ya msiba wake bado angeoneshwa gauni la mimba kila anapofungua simu. Kwa bidhaa hiyo dada huyu ameweka siku saba. Zikipita, mtu anaachwa. Faida anayoiacha hapo ni kubwa, na hakuna mteja atakayemshukuru, kwa kuwa hakuna atakayejua. Naliona hilo kuwa kilele cha ufundi wake, kuliko hata vichwa vyake vya herufi 30.

Manunuzi yake mwenyewe ameyageuza kuwa shule. Nje ya bando, pesa ya matangazo na vitabu, hununua mahitaji yake ya kawaida kwa wauzaji wenzake wa mtandaoni: sabuni, shuka, mafuta ya nywele. Mfuko ukifika haufungui hapohapo. Hufungua daftari kwanza, akaandika kwa kumbukumbu alichokitarajia kutokana na tangazo: ukubwa, uzito, harufu, rangi. Kisha anafungua na kulinganisha. Shuka lililotajwa kuwa la futi tano kwa sita likaja bila kusemwa kuwa linapita mwanga. Mafuta yaliyosifiwa kwa mistari kumi bila kutaja kuwa yanaganda kwenye baridi. Kila tofauti inakuwa swali la kuiuliza bidhaa yake kabla hajaitangaza.

Jioni ni za kujibu. "Dada, hiki kinamfaa mtu mwenye mguu mpana?" "Hapana mama, kitakubana hapa kwenye kidole gumba. Ngoja nikutafutie kingine, kama sina nitakwambia." Halafu mizigo ya mikoani inapelekwa stendi ya Magufuli, Mbezi, na mteja wa Singida anatumiwa picha ya risiti, jina la basi na saa ya kuondoka.

Ninajua tulivyozoea. Tukimpata muuzaji anayeandika bei wazi tunamwomba apunguze, na yule wa "njoo DM" tunamlipa anachotaja. Ukimpata wa namna hii, soma alichokiandika mpaka mwisho kabla ya kuuliza, mlipe bei aliyoitaja, na namba yake wape ndugu zako.