Hongera Wasaka Mandhari

Kutoka hapa Mpemba, mkoani Songwe, njiapanda ya kwenda Isongole, natoa pongezi za dhati kwa wanaosaka mahali halisi palipopigwa picha za tamthilia za zamani za polisi. Kazi yao inataka subira: wanasimamisha picha, wanahesabu madirisha, wanasoma kibao cha duka nyuma ya gari la mhalifu, kisha wanalinganisha na ramani.

Mpenzi wa "Hawaii Five-O" (1968–1980) leo anajua kuwa makao ya kikosi cha mpelelezi McGarrett ni kasri la Iolani, Honolulu, lililokamilika mwaka 1882, alikoishi Mfalme Kalākaua, kisha Malkia Liliʻuokalani. Ile roshani anayosimama Jack Lord, mwigizaji wa McGarrett, mwanzoni mwa kipindi, ni ya hoteli ya Ilikai.

Kwetu, filamu "Hatari!" ya 1962, ingawa si ya polisi, imehifadhi sura ya Momella, Arusha, ya enzi za Tanganyika. Majengo huvunjwa, barabara hupanuliwa. Picha hubaki shahidi, mradi mtu ajue ni ya wapi.

Vijana wa Songwe mnaopiga filamu, andikeni jina la mtaa na tarehe ya kila picha. Msiwaachie wajukuu kazi ya kubahatisha.