Taji Lililokaa kwa Kalamu: Kuhesabu Upya Mapigano ya Muhammad Ali

Hapa Kisangani ukilitaja jina la Muhammad Ali mbele ya wazee, hakuna atakayekuuliza ni nani. Watakujibu kwa maneno ya Kilingala yanayojulikana nchi nzima, «Ali, boma ye», yaani Ali, muue. Kisha watakusimulia alfajiri ile ya tarehe 30 Oktoba 1974 mjini Kinshasa, George Foreman alipoangushwa katika raundi ya nane. Uwanja ule wakati huo uliitwa Uwanja wa Mei 20. Siku hizi waitwa Tata Raphaël, kwa ukumbusho wa padre Mbelgiji, Raphaël de la Kéthulle, aliyewalea vijana wengi wa mji ule katika michezo. Wazee humsifu Ali hasa kwa jambo moja: hakungoja hukumu ya mtu. Nao wasema kweli. Waamuzi wote watatu walikuwa wamekwisha kumwandika mbele, 68 kwa 66, 69 kwa 66 na 70 kwa 67, lakini karatasi zao hazikuhitajiwa tena.

Sifa hiyo imetufunika macho tusione yaliyofuata. Katika mwaka 1976, miaka miwili tu baada ya Kinshasa, taji la Ali lilibaki kichwani pake mara mbili kwa kalamu za waamuzi, si kwa nguvu ya ngumi zake, na mara zote mbili watu wengi waliokuwapo walitoka wakinung'unika. Wako watakaosema: mambo ya kale, ya nini kuyafukua? Nawajibu kwamba yuko mtu aliyerudi nyumbani mikono mitupu usiku ule, na jina lake ni Ken Norton. Kama alinyimwa haki yake, hakuna miaka iwezayo kuifanya dhuluma hiyo kuwa haki.

Filamu za mapigano hayo zipo, na kijana yeyote mwenye simu aweza kuzitazama. Njia yangu ya kuhesabu ni hii. Kwanza nazima sauti, maana mtangazaji daima ana mpenzi wake, na masikio huyavuta macho. Kila raundi ikiisha nasimamisha picha, naandika aliyeshinda, nafunika karatasi, wala sirudi nyuma kusahihisha. Namtafuta aliyegusa mara nyingi kwa ngumi safi na nzito, kichwani na tumboni. Ngumi iliyoangukia mikono ya mwenzake siihesabu. Wala sihesabu kucheza miguu bila kupiga, hata kama kunapendeza; na kwa Ali kunapendeza sana, ndiyo shida yenyewe.

Nianze na pigano la zamani, ili nisidhaniwe kuwa adui wa Ali. Tarehe 13 Machi 1963, huko New York katika Madison Square Garden, alipigana raundi 10 na Doug Jones. Alikuwa na miaka 21, bado akiitwa Cassius Clay, naye alikuwa amejisifu kwamba Jones angeanguka katika raundi ya nne. Hakuanguka. Kinyume chake, Clay mwenyewe aliyumbishwa katika raundi ya kwanza. Waamuzi wawili waliandika raundi 5 kwa 4 na moja sare, upande wa Clay. Mwamuzi wa ulingoni akaandika 8 kwa 1 na moja sare. Watu wakazomea, wakarusha vitu ulingoni. Mimi nimehesabu, nikapata 5 kwa 4 na moja sare, sawasawa na wale wawili. Karatasi ya 8 kwa 1 ni aibu, hilo nakubali. Lakini Clay alishinda, tena alishinda kwa kuamka katika raundi za mwisho. Kelele ile ilitoka katika chuki ya watu kwa mdomo wake. Walitaka kijana mwenye majivuno aadhibiwe, wakayaita matakwa yao wizi wa waamuzi.

La pili ni gumu zaidi. Tarehe 30 Aprili 1976, huko Landover katika jimbo la Maryland, Ali alipigana na Jimmy Young wa Philadelphia. Bingwa aliingia na ratli 230, yaani kilo 104 hivi, uzito ambao hakuwahi kuuchukua ulingoni kabla ya siku ile, na ulionekana. Young alirudi nyuma, akamwacha Ali akose, akamjibu kwa ngumi chache zilizofika. Lakini alikuwa na desturi mbaya: alipobanwa, alikitoa kichwa chake nje kati ya kamba ili mwamuzi awatenganishe. Alifanya hivyo mara kadhaa, hata katika raundi ya 12 mwamuzi akaanza kumhesabia kana kwamba ameangushwa. Hukumu ilikuwa 70 kwa 68, 71 kwa 64, na 72 kwa 65, zote kwa Ali.

Hapa naomba msomaji anivumilie. Yule wa 70 kwa 68 naweza kukaa naye mezani tukaelewana. Hao wengine wawili, hapana. Wakati ule mshindi wa raundi alipewa alama 5 na mwenzake 4 au chini yake. Kumpita mtu kwa alama 7 katika raundi 15 ni kusema kwamba ulimtawala, na Ali hakumtawala Young. Hata hivyo siwezi kumpa Young taji. Mtu anayetaka kumvua bingwa taji lake, akakitoa kichwa nje ya ulingo, raundi hizo amezitoa kwa mkono wake mwenyewe. Karatasi yangu ilitoka sare. Na kwa sare, taji halihami.

Sasa Norton. Mtu huyu, aliyekuwa askari wa majini, alikuwa fumbo ambalo Ali hakulifumbua kamwe. Alijikinga kwa mikono iliyokingamana, akasogea mbele mguu mmoja ukiburutwa, na ngumi ya Ali ya mkono wa kushoto, iliyowasumbua watu wote, kwake ilikwama. Tarehe 31 Machi 1973 huko San Diego alimvunja Ali taya, akashinda kwa waamuzi wawili dhidi ya mmoja. Septemba mwaka uleule Ali akalipa kisasi, naye pia kwa wawili dhidi ya mmoja. Walikutana mara ya tatu tarehe 28 Septemba 1976 katika uwanja wa Yankee, New York, kwa taji la dunia, raundi 15.

Siku hiyo hawakuhesabu alama ila raundi tu. Msomaji aangalie vizuri neno hili, maana ndani yake mna siri ya usiku ule. Raundi uliyoshinda kwa nusu dakika ya mwisho ni sawa na raundi uliyompiga mtu tangu kengele hata kengele. Ali alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mara nyingi alikaa, akanyamaza, akacheza, kisha kengele ikikaribia akamwaga ngumi za haraka mbele ya macho ya waamuzi. Nusu ya ngumi hizo ziliishia katika mikono ya Norton. Ukizima sauti ya uwanja, utaona jinsi zilivyo nyepesi.

Baada ya raundi 14, waamuzi wawili walikuwa na 7 kwa 7. Watu wa upande wa Norton walidhani wamekwisha kushinda, wakamwambia aende kwa uangalifu, naye akaipoteza raundi ya 15 kwa kungoja. Wote watatu walimpa Ali raundi hiyo, nami nimempa. Hukumu: 8 kwa 7, 8 kwa 7, na 8 kwa 6 na moja sare. Norton alitoka akilia. Karatasi yangu yasema 8 kwa 7 pia, lakini kwa Norton, kwa kuwa kabla ya raundi ile ya mwisho nilikuwa nimemwandikia 8 kwa 6.

Watetezi wa hukumu wana jibu lao: asemaye nataka taji na alinyakue waziwazi, bingwa hanyang'anywi kwa kukaribiana. Nimelisikia hata hapa mjini, kwa watu wenye akili. Lakini sheria imekwisha kumpa mwenye taji fadhila moja, nayo ni kwamba wakilingana, taji ni lake. Ukimwongezea fadhila nyingine ndani ya kila raundi, umemlipa mara mbili kutoka mfuko wa mwenzake. Kengele ikilia, raundi haina bingwa. Ina watu wawili.

Wala jambo hili si la Wamarekani peke yao. Philip Waruinge wa Kenya alishindwa na Antonio Roldán, mwenyeji, katika nusu fainali ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, waamuzi 3 kwa 2. Kisha katika mashindano yaleyale akapewa kikombe cha Val Barker, apewacho mpigana ngumi bora kuliko wote. Mwaka 1972 huko Munich akafika fainali, akashindwa tena 3 kwa 2, safari hii na Boris Kuznetsov wa Urusi ya Kisovyeti. Mapigano mawili, mkono wa mtu mmoja kila mara. Nani atasema kwamba kalamu ni kitu chepesi?

Norton alipata taji mwaka 1978, lakini kwa barua tu: shirika la WBC lilimvua Leon Spinks kwa kukataa kupigana naye, likampa yeye. Mwezi Juni mwaka huohuo, huko Las Vegas, Larry Holmes akamshinda kwa waamuzi wawili dhidi ya mmoja, wote watatu wakiandika 143 kwa 142. Kwa hiyo vitabu vinamtaja kuwa bingwa wa dunia, naye hakuandikiwa ushindi hata katika pigano moja la taji. Pigano la Holmes sijalihesabu bado.