Bwawa Juu, Bwawa Chini

Ukipelekwa kuona eneo la kujengea kituo cha kuhifadhi umeme kwa maji, ziwa liache kwanza, utazame mlima. Kituo hiki hupandisha maji hadi bwawa la juu umeme unapozidi, kisha huyaachia yashuke watu wanapouhitaji. Thamani yake iko kwenye kimo. Mita moja ya ujazo ya maji ikishuka mita 500 huzalisha uniti moja na ushei. Ikishuka mita 100, utahitaji maji mara tano kupata umeme uleule, na mabomba mapana ya kuyapitisha.

Halafu pima umbali wa mlalo. Mabwawa yakitengana zaidi ya mara kumi ya kimo, mimi naanza kusita, maana kila kilomita inayoongezeka ni handaki, na handaki halichimbwi kwa bei ya mtaro. Kituo cha Ingula cha Afrika Kusini kiko kwenye mpaka huo: kilomita 4.6 kati ya mabwawa, kimo zaidi ya mita 400.

Jambo la tatu ndilo huwaponza wengi: mwamba. Dinorwig, kule Wales, ilifunguliwa 1984 ndani ya mlima Elidir Fawr, kwenye machimbo ya zamani ya sleti. Mwamba wake ulikuwa umeshajulikana kwa vizazi vya wachimbaji, na maziwa mawili, Marchlyn Mawr juu na Llyn Peris chini, yalikuwepo tayari. Sijaona eneo lililopangika vizuri kuliko hilo. Linganisha na Snowy 2.0 ya Australia. Kimo chake, karibu mita 700, kinatia tamaa, ila mahandaki yanakaribia kilomita 27, na mwaka 2022 mashine ya kuchimba iliyopewa jina Florence ilikwama kwenye udongo laini, ikiwa haijafika mbali.

Mwisho, uliza maji yakizidi yatapita wapi, na nani anaishi chini yake. Bwawa la juu lisilolishwa na mto hupendwa kwa kuwa halina mafuriko, lakini pampu nayo hujaza. Taum Sauk, Missouri, haikuwa na njia ya kumwagia maji ya ziada. Desemba 2005 vipimo vya kina vilidanganya, pampu zikaendelea kusukuma, ukuta ukapasuka, na maji yakasomba nyumba ya msimamizi wa hifadhi iliyokuwa chini. Familia ilinusurika. Bwawa lililorudi kazini 2010 lina ukuta wa zege na njia ya kumwagia maji.