Bei Iliyo Moyoni

Wengi hudhani mnada wa mtandaoni huamuliwa na kidole chepesi. Mimi naamini huamuliwa na mnunuzi aliyezikodolea macho picha za mashine moja jioni nzima kabla hajathubutu kutaja hata dola. Huyo ndiye fundi ninayemsifu.

Chukua mashine ya santuri ya Technics SL-1200MK2, iliyoingia sokoni mwaka 1979. Fundi hababaishwi na mng'aro wake. Humwuliza muuzaji kama mkono wa sindano unachezacheza, kama sahani inashika mwendo bila kuyumba, na kama mashine ilitengenezwa kwa soko la Japani, ambako umeme ni volti 100. Ukiichomeka hiyo moja kwa moja kwenye soketi ya Dar es Salaam yenye volti 230, utaiunguza. Basi bei ya transfoma nayo huingia kwenye hesabu. Spika kuukuu zenye ukingo wa sponji zina ugonjwa wao: sponji huoza na kumeguka hata kama spika hazikupigwa miaka yote. Deki ya kaseti ya Nakamichi Dragon ya mwaka 1982, inayojirekebishia yenyewe pembe ya hedi, ni kazi ya uhandisi ya kustaajabisha, lakini ikiharibika si kila fundi wa mtaani ataimudu. Na muuzaji akiandika kwamba kifaa hakijajaribiwa, kihesabu ni kibovu, ukitolee bei ya kibovu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mnunuzi makini huandika bei ambazo vifaa kama anachokitaka vimeuzwa kweli, maana bei anayoitaja muuzaji ni matumaini yake tu. Kisha hutoa nauli ya mzigo, ushuru na matengenezo. Kinachobaki ndicho kikomo chake.

Kikomo hicho kina nguvu kwa sababu ya jinsi mnada wenyewe unavyofanya kazi. Katika eBay, iliyoanzishwa mwaka 1995, unaandika kiwango chako cha juu kwa siri, na mfumo unakupandishia dau kidogo kidogo kadiri wengine wanavyopanda. Ukiandika dola 300 na anayekufuata akakomea 220, utalipa 222.50. Mwaka 1961 mwanauchumi William Vickrey alikwishaonyesha kwamba katika mnada wa siri ambamo mshindi hulipa bei ya aliyemfuata, lililo bora kwa kila mtu ni kutaja thamani anayoiamini kwa dhati. Mwaka 1996 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Kwa nini basi wajuzi husubiri sekunde za mwisho? Kwa sababu wapinzani ni binadamu. Dau la mapema huwaamsha, huwapa hasira, huwafanya wapande kupita walivyokusudia. Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002, waliulinganisha mnada wa eBay, unaofungwa saa iliyopangwa, na ule wa Amazon wa siku hizo, ulioongezewa muda kila dau jipya lilipoingia dakika za mwishoni. Madau ya dakika za mwisho yalikuwa mengi zaidi eBay. Palipo na nyongeza ya muda, kuvizia hakuna faida kubwa. Kinachobaki ni kikomo chako.

Hapo ndipo ninapouona uzuri wa ufundi huu. Saa inapoyoyoma na skrini inakuambia umepitwa, mkono hutamani kuongeza dola tano tu, kisha tano nyingine. Anayeuzuia mkono huo hajashindwa: ameiheshimu hesabu aliyoifanya akiwa ametulia. Technics zilitengenezwa kwa wingi, na nyingine itapigwa mnada. Mshindi anayestahili sifa ni yule ambaye, kifaa kikifika na kuanza kuimba, hajutii hata senti aliyoilipa.