Kitabu cha Kinyongo

Kwa wauzaji wa vitabu vya inama pale Tom Mboya, kuna vitabu ambavyo havikosi. Kuna vya kutajirika kabla hujafika miaka thelathini, kuna vya maombi, na kuna vile vya mabosi wa Marekani. *Iacocca*, kilichotoka 1984, ni wa kundi hilo la mwisho. Nakala yangu niliipata kwa mia na hamsini, jalada limechanika na jina la mwenyewe wa kwanza limefutwa kwa kalamu. Muuzaji aliniambia, "Hicho ni cha motisha, hutajuta."

Hadithi yenyewe wengi mnaijua hata kama hamjakisoma. Mimi niliisikia kwanza kwenye semina, kisha kwenye mahubiri. Jamaa anafutwa na Ford, anahamia kwa washindani, Chrysler, kampuni iko hoi, anaiinua, anakuwa staa. Mhubiri alitumia dakika tatu hivi, halafu tukapitishiwa kikapu cha sadaka.

Sasa nimekisoma mara mbili na naona tumeuziwa kitu tofauti na kilichomo. Hiki ni kitabu cha kinyongo. Kinyongo ndicho kinachokipa uhai, na kila kinapojaribu kuwa cha mafunzo kinapoa kama chai ya jana.

Anza na kurasa za kwanza. Lee Iacocca ni mtoto wa wahamiaji Waitaliano wa Allentown, Pennsylvania. Aliingia Ford 1946 kama injinia, akaona raha iko kwenye mauzo. Mwaka 1956 alibuni mpango wa kununua gari kwa kulipa asilimia 20 kwanza, kisha dola 56 kila mwezi kwa miaka mitatu. Lipa pole pole, kwa ufupi. Mwaka 1964 akazindua Mustang, na wiki moja uso wake ukawa kwenye jalada la Time na la Newsweek kwa pamoja. 1970 akawa rais wa kampuni. Tarehe 13 Julai 1978, Henry Ford II, mjukuu wa mwanzilishi, akamfuta. Kampuni ilikuwa inapata faida kubwa. Sababu aliyopewa haikuwa ya biashara hata kidogo; mwenye mali alikuwa amemchoka tu.

Lakini kitabu hakianzi Allentown. Kinaanza na chumba. Alipotoka, Ford walimpa ofisi ya muda ndani ya ghala la spea: meza, simu, sakafu imepasuka, vikombe viwili vya plastiki. Sekretari wake alishafika, macho yamejaa machozi. Iacocca anasema hapo ndipo alipodhalilishwa kweli, kuliko hata siku ya kufutwa. Ni kurasa chache sana, na ndizo bora zaidi kitabuni. Hakuna ushauri ndani yake. Kuna mtu wa miaka 54 anayeangalia kikombe cha plastiki na kuapa moyoni.

Kusema ukweli, hapo mimi nilisimama kusoma. Mzee wangu alifanya kazi kiwandani, Industrial Area, na siku walipopunguzwa walipewa barua zinazofanana, majina tu ndiyo tofauti. Hakupewa ghala, wala kikombe. Nilijikuta namwonea huruma milionea wa Detroit, halafu nikajikasirikia kwa kumwonea huruma. Kitabu kinachoweza kukufanyia hivyo si cha kutupa.

Sehemu ya pili yenye moto ni kuingia kwake Chrysler. Siku aliyotangazwa, tarehe 2 Novemba 1978, ndiyo siku Chrysler ilitangaza hasara ya karibu dola milioni 160 kwa robo mwaka. Anachokikuta ndani ni kichekesho. Makamu wa rais 35, kila mmoja na himaya yake. Ofisi ya rais imegeuzwa njia ya kupitia, wakubwa wanakatiza na vikombe vya kahawa mkononi. Magari yanaundwa bila mtu kuyaagiza, yanalundikwa kwenye viwanja vya wazi yakinyeshewa, kisha mwisho wa mwezi wanapigiwa simu wauzaji wayachukue kwa bei ya kutupa. Yeyote aliyewahi kufanya kazi mahali ambapo ripoti ni nzuri na stoo imejaa atacheka hapa, kicheko kile cha maumivu.

Na hapa ndipo kinyongo kinapata mikono. Akiwa Ford alikuwa na madaftari yenye rekodi za mamia ya mameneja. Aliomba ruhusa kuondoka nayo, akakubaliwa. Akaanza kuita watu. Gerald Greenwald akatolewa Ford ya Venezuela aje kushika hesabu. Hal Sperlich, ambaye Henry alishamfanya afukuzwe, tayari alikuwa Chrysler. Sperlich na Iacocca walikuwa wamesukuma wazo la gari dogo la familia lenye umbo la van, Henry akalikataa. Chrysler ndiyo iliyoliingiza barabarani mwishoni mwa 1983, na liliuzwa vibaya sana, kwa ile maana yetu ya vibaya. Ukisoma kurasa hizi haraka utadhani ni mambo ya uongozi. Soma polepole, uone mtu anayebomoa nyumba ya mwenzake tofali kwa tofali.

Shida yangu na kitabu inaanza pale hesabu inapotakiwa kuwekwa mezani. Serikali ya Marekani iliidhamini Chrysler kwa mikopo ya hadi dola bilioni 1.5, Rais Carter alitia sahihi Januari 1980. Iacocca akapunguza mshahara wake hadi dola moja kwa mwaka, na hiyo dola moja ndiyo imekuwa mahubiri. Kitabu chenyewe, kwa heshima yake, hakifichi kwamba Ford walikuwa wamemwahidi dola milioni 1.5 mradi asiende kwa washindani, na kwamba Chrysler walimfidia alipozipoteza. Mhubiri wetu aliruka ukurasa huo.

Wafanyakazi nao walikubali kukatwa mishahara na marupurupu. Iacocca anasema walibeba mzigo kwa usawa. Kiongozi wa chama chao, Douglas Fraser, ana jina na anapewa sifa, hata kiti kwenye bodi. Wale maelfu waliorudi nyumbani hawana jina wala chumba wala kikombe. Mtu aliyeweza kuandika kurasa zile za ghala alikuwa na kila sababu ya kuona sakafu za wengine. Hakuangalia chini. William Novak, aliyemwandikia, naye hakumsukuma.

Pinto pia inapita mbio mbio. Lile gari dogo, tangi la petroli nyuma ya ekseli, lililoweza kuwaka likigongwa kutoka nyuma. Juni 1978, mwezi mmoja kabla ya kufutwa kwake, Ford waliita magari takriban milioni 1.5 yarudi. Anakubali uongozi ulikosea, yeye akiwemo, kisha anaondoka haraka kurudi kwa Henry. Kwa Henry hana haraka hata siku moja.

Ukitaka kujua kinyongo kilivyopimwa, angalia tarehe. Chrysler ilitangaza kumaliza kulipa mikopo ile miaka saba mapema, siku ya 13 Julai 1983. Miaka mitano kamili tangu afutwe. Msomaji hahitaji kuhesabu, yeye mwenyewe anakukumbusha.

Miezi miwili kabla ya siku hiyo mke wake, Mary, alikuwa amefariki kwa matatizo ya kisukari. Anaandika kwamba kila hali yake ilipoharibika, ilikuwa baada ya kipindi kigumu, Ford au Chrysler. Anaiweka sentensi hiyo na kuendelea. Mapato ya kitabu aliyapeleka kwenye utafiti wa kisukari. Natamani angekaa hapo kurasa kumi, na zile za kuwashauri Wamarekani kuhusu Wajapani na bajeti azitoe kabisa. Hazisomeki, bana.

Yaliyofuata hayamo kitabuni. Mwaka 1986 alilipwa zaidi ya dola milioni 20. Mwaka 1995, akiwa amestaafu, aliungana na bilionea Kirk Kerkorian kujaribu kuinunua Chrysler dhidi ya matakwa ya walioiongoza. Jaribio likashindwa.

Nakala yangu sasa iko kwa rafiki yangu wa Umoja, ambaye ameitwa na washindani wa kampuni yake na hajui aende au abaki. Aliniomba kitu cha motisha. Nimemkunjia kona ya ukurasa wa ghala.