Pongezi kwa Walinzi wa Popo wa Kidike

Kijiji cha Kidike, kisiwani Pemba, kinastahili pongezi kwa kuthibitisha kwamba mchango wa nje huzaa matunda pale wenyeji wanapoushika kwa mikono yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980, popo wa Pemba, mkubwa mwenye manyoya mekundu na asiyepatikana penginepo duniani, alihofiwa kutoweka kwa bunduki za wawindaji na ukataji wa misitu. Shirika la Fauna & Flora la Uingereza likasaidia kwa fedha na utafiti; wanakijiji wakalinda miti wanakolala popo, na kiingilio cha wageni kikabaki kijijini. Hesabu za miaka ya 2000 zilikuta popo wapatao 20,000 kisiwani kote.

Wapo wasemao popo humaliza maembe na hubeba maradhi. Maembe hula, ni kweli. Lakini usiku huohuo hupanda mbegu za mikuyu msituni bila kudai ujira. Na hatari ya maradhi ni kubwa zaidi kwa anayemkamata na kumchinja kuliko kwa anayemtazama akining'inia, amejifunika mbawa kama aliyejitanda kanga. Fedha za mbali zilifungua njia. Ulinzi wa jirani ndio uliomwokoa.