Geoffrey Oryema na Santuri Yake ya Kwanza

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Nyimbo tumeziachia redio na kumbi za dansi, kana kwamba fasihi simulizi, ambayo twaifundisha kila muhula, ilikoma siku ile mashine za kunasa sauti zilipobuniwa. Makala haya yanajaribu kuliziba pengo hilo kidogo kwa kuiangalia santuri moja tu, yaani Exile ("Uhamishoni"), iliyotolewa mwaka 1990 na Geoffrey Oryema, mwana wa Uganda. Hiyo ilikuwa santuri yake ya kwanza. Nimeichagua kwa sababu ya swali aliloniuliza mwanafunzi mmoja darasani hapa Kampala, nami sikuwa na jibu la haraka: "Mwalimu, kwa nini tujifunze lugha iliyotumiwa na watu waliowaua babu zetu?"

Swali hilo si geni kwa mwalimu yeyote wa Kiswahili nchini Uganda. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini raia wengi walikisikia zaidi vinywani mwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani na kwenye milango iliyogongwa usiku. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sheria imekwisha kusema. Mioyo ya watu ina kumbukumbu zake, na kumbukumbu hazifutwi kwa amri.

Tumtazame basi msanii mwenyewe. Oryema alizaliwa Soroti mwaka 1953, katika familia ya Kiacholi yenye asili yake Anaka, kaskazini mwa nchi. Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi la polisi la Uganda, na baadaye akawa waziri katika serikali ya Amin. Afisa huyo ndiye aliyemfundisha mwanawe kupiga nanga. Kijana alipokua alielekea kwenye sanaa za maonyesho, na mnamo miaka ya sabini akawa miongoni mwa waanzilishi wa kikundi cha Theatre Limited hapa Kampala, kilichotafuta njia ya kuzioanisha ngoma na hadithi za jadi na jukwaa la kisasa.

Tarehe 16 Februari 1977 baba yake aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake, Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba watatu hao walikufa katika ajali ya gari. Geoffrey alivushwa mpaka hadi Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti la gari, na kutoka huko akaenda Ufaransa. Ikapita miaka 13 kabla ya santuri hii kutoka. Msikilizaji asiyejua habari hizi ataisifu sauti tamu na kupita. Anayezijua atasikia pia ile miaka ya kimya iliyotangulia.

Tukianza na fani, jambo la kwanza linalovutia ni uchache wa vyombo. Nanga ni ubao uliochimbwa katikati mfano wa hori, na uzi mmoja hupitishwa huku na huko juu yake hata ukafanya nyuzi kadhaa. Mpigaji hukaa nao na kuongea kwa sauti ya chini zaidi kuliko kuimba. Lukeme ni marimba ya mkono, yenye vijiti bapa vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Vyombo vyote viwili ni vya watu wachache waliokaa pamoja. Havikuundwa kwa ajili ya uwanja wa mpira. Oryema amelielewa jambo hili. Katika "Piny Runa Woko", wimbo unaoifungua santuri, haharakishi kitu. Anaiacha sauti ipande, itulie, kisha ipande tena, na nafasi zilizo wazi baina ya mapigo zinabaki wazi. Huu ndio ufundi wa mtambaji wa hadithi, ambaye hunyamaza kidogo ili wasikilizaji wasogee karibu.

Santuri ilitolewa na kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na mwanamuziki wa Kiingereza Peter Gabriel, na mtayarishaji wake alikuwa Brian Eno, Mwingereza mwingine, mashuhuri kwa kazi zake za vinanda vya elektroniki. Hapa ndipo mhakiki hana budi kusimama na kuuliza: je, kazi iliyotengenezwa ugenini, kwa mitambo na masikio ya wageni, bado ni ya kwetu?

Wapo watakaojibu upesi kwamba si ya kwetu. Mimi sikubaliani nao, lakini nakiri kwamba wana hoja. Katika "Land of Anaka", wimbo ambamo Kiingereza kimepewa nafasi, vinanda vya Eno vimetandazwa kama ukungu wa asubuhi. Ni ukungu mzuri, lakini ni ule ule unaoweza kutandazwa juu ya kijiji chochote duniani. Anaka ni mahali halisi penye watu, mashamba na makaburi. Katika wimbo huu pamekaribia kuwa ndoto tu. Huenda mtetezi akasema kwamba ndivyo nyumbani panavyoonekana kwa mtu aliyekaa mbali miaka mingi, na kwamba ukungu huo ni sehemu ya ukweli wake. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, nikiulinganisha wimbo huu na zile ambamo nanga au lukeme imeachwa itawale, naona kwamba msanii ana nguvu zaidi pale ambapo hakusaidiwa sana.

Kasoro ya pili si ya msanii, ni yetu sisi wasikilizaji na wahakiki. Waandishi wa Ulaya walipompenda walimwita "Leonard Cohen wa Afrika", wakimfananisha na yule mshairi na mwimbaji wa Kanada. Oryema mwenyewe alimheshimu Cohen, na aliimba wimbo wake "Suzanne" katika santuri ya heshima kwa Cohen iliyotoka mwaka 1991. Lakini sifa ya namna hii humkopesha mtu jina la mwingine, kana kwamba lake halitoshi. Wimbo wa majonzi wa Kiacholi, unaopigwa taratibu kwa chombo kimoja, ulikuwapo kabla Cohen hajazaliwa.

Hilo latupeleka kwenye maudhui. Walimu wengi wanamjua Okot p'Bitek kwa Wimbo wa Lawino, na wanajua jinsi alivyotetea hoja kwamba wimbo wa Kiacholi hauwi pambo tupu: husuta, huomboleza, hutania na hushitaki. Santuri ya Oryema inatoka katika kisima hicho hicho. Majina ya nyimbo zake yanatosha kuonyesha. "Jok Omako Nyako" ni habari ya pepo aliyemkamata msichana. Katika "Lacan Woto Kumu", lacan ni fukara, mtu asiye na wake. Huu si ulimwengu wa mwimbaji anayejililia peke yake chumbani. Huzuni yake ina majirani. Inasemwa kwa misemo ambayo ukoo mzima ungeitambua. Ndiyo maana mtu aliyefiwa na baba kwa mkono wa dola aliweza kuimba bila kuhutubia. Msiba alioubeba ni wake, lakini lugha ya kuuimbia aliirithi tayari, na baba aliyeuawa alikuwa mmoja wa waliomrithisha.

Sasa nirudi kwenye swali la mwanafunzi wangu. Oryema aliimba kwa Kiacholi, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Kiacholi hatushangai. Kiingereza na Kifaransa vilikuwa lugha za soko na za makazi yake mapya. Lakini hakuna aliyemlazimisha kuimba Kiswahili. Wasikilizaji wa Paris wasingejua tofauti, na kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuisusia lugha iliyonasibishwa na askari wa Amin, ni yeye. Hakuisusia. Aliihesabu miongoni mwa lugha za utoto wake. Tukikumbuka kwamba Kiswahili kilitumika katika polisi ya Uganda tangu enzi za ukoloni, si ajabu kwamba mtoto wa afisa wa polisi alikuwa nacho. Kwake kingeweza kuwa lugha ya watu wa nyumbani kabla hakijawa lugha ya waliomfukuza nyumbani.

Nisieleweke kwamba santuri moja imekitakasa Kiswahili. Waliogongewa milango usiku wana haki ya kukumbuka walichosikia, na mwalimu anayewadhihaki kwa sababu hiyo hafai kuwafundisha wajukuu wao. Ninachosema ni kidogo zaidi: lugha haina mwenye nyumba mmoja. Muuaji aliitumia, na mwana wa aliyeuawa aliitumia pia, na wa pili alifanya nayo kazi iliyodumu.

Oryema alirudi Uganda kutumbuiza mwaka 2016, baada ya miaka karibu 40, na alifariki Ufaransa mwezi Juni 2018. Baada ya kusikiliza santuri yake mara nyingi, niliipeleka darasani. Sikutoa hotuba. Niliwaeleza wanafunzi habari za mwaka 1977 kwa ufupi, nikawaambia ni lugha zipi mtu huyu aliziimba, kisha tukasikiliza. Yule aliyeuliza swali hakusema kwamba ameridhika, nami sikumwuliza. Aliomba tu wimbo wa kwanza upigwe tena. Kwa mwalimu wa lugha, hapo ni mahali pazuri pa kuanzia somo.